Tezo na Jembe: Mchongaji wa Awasse Aishije?

Ndugu wapiganaji na ndugu askari polisi, wengi wenu mmelisikia jina la Awasse katika taarifa za vita. Ni mahali palipo katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, ambapo barabara itokayo Pemba na Macomia hukutana na ile iunganishayo Mueda na mji wa pwani wa Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 kituo cha kupozea umeme kilichopo hapo kilishambuliwa na waasi, na miji ya jirani ikaingia gizani. Mwaka 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipatwaa tena mahali hapo, kisha yakasonga mbele hadi Mocímboa da Praia, ambako yaliingia mwezi Agosti. Hayo ni mambo ya kazi yenu, nanyi mwayajua kuliko sisi.

Leo twapenda kuizungumza nchi hiyo kwa jambo jingine, lisilo na bunduki ndani yake ingawa vita vimeligusa. Awasse ipo chini ya uwanda wa juu wa Mueda, katika nchi ya Wamakonde, ambao ulimwengu mzima wawajua kwa vinyago vyao vya mpingo. Mtu akizaliwa huko naye amejaliwa mkono wa kuchonga, lakini pia ana tumbo, ana mke na watoto, na karo yamsubiri, aishije? Je, aache yote aifuate tezo, au aifunge tezo katika gunia mpaka hapo atakapopata nafasi, nafasi ambayo aghalabu haiji?

Swali hilo si la Wamakonde peke yao. Katika kila kambi na kila kituo hakosekani koplo mwenye daftari la mashairi chini ya mto, au konstebo ambaye akishika penseli huweza kukuchorea uso wa mtu aliyemwona mara moja tu. Mwisho wa mwezi mshahara hufika, na kila ufikapo wazo lile lile hurudi: je, mshahara huu wanilea, au wanila? Tumeona ni vyema kuwatazama wachongaji, kwa kuwa wao wameishi na jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi wetu, na wamelijaribu kwa njia nyingi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba hapo zamani, juu ya uwanda ule, hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga tu. Mchongaji alikuwa mkulima kama jirani yake. Mvua iliponyesha alishika jembe, akalima mtama, mahindi, kunde na mihogo. Kiangazi kilipoingia na mavuno yamekwisha kuwekwa, alikaa chini ya mti akashika tezo. Alichonga vinyago vya mapiko vivaliwavyo katika ngoma za jando na unyago, na vyombo vidogo vyenye vifuniko vya kutilia dawa au ugoro. Vinyago vya ngoma alivichonga katika mti laini na mwepesi, maana mchezaji alipaswa kukivaa kichwani na kucheza nacho.

Kinyago cha namna hiyo hakikuwa na mnunuzi. Kilikuwa na watazamaji, na tusidhani kwamba mtazamaji ni bwana mpole. Kijiji kizima kilikusanyika, na kama uso uliochongwa haukutisha watoto wala kuchekesha watu wazima, mchongaji alisikia habari zake siku hiyo hiyo. Ila jambo moja hakuliogopa: hakuogopa kulala na njaa kwa sababu kinyago hakikupendeza. Chakula chake kilikuwa ghalani. Kama alitaka kujaribu sura ambayo haijapata kuonekana, alijaribu; akishindwa, alichekwa, lakini alikula. Hapo twaiona maana ya jembe katika kazi ya tezo, nayo ndiyo maana tutakayoifuata katika mazungumzo yetu haya.

Ukoloni wa Kireno uliivunja desturi hiyo. Kodi ilidaiwa kwa fedha, watu wakalazimishwa kulima pamba ambayo haikuliwa, na wengine wakasombwa kwa kazi za shokoa. Wanaume kwa maelfu walivuka mto Ruvuma wakaingia Tanganyika kutafuta kibarua, na kibarua kilichokuwapo kilikuwa cha mkonge. Toka Lindi hadi Tanga, mashamba ya mkonge yalijaa Wamakonde wa Msumbiji, na wazee wa mikoa hiyo wangali wakiwakumbuka.

Waliopata kukata mkonge hawahitaji kuelezwa taabu yake. Mtu alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyomaliza mgao wake ilitiwa alama. Kipande kilipojaa ndipo alipolipwa. Miiba ilimchoma mikono na jua likamchoma mgongo. Hakuna mtu aliyeipenda kazi hiyo, nasi hatutaki kuipamba hapa. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja ambayo mchongaji aliitambua upesi: mgao ulikuwa na mwisho. Aliyeamka alfajiri akakata fungu lake lote, saa zilizobaki zilikuwa zake mwenyewe. Katika saa hizo, nje ya nyumba za kambi ya wafanyakazi, tezo ilitoka katika gunia.

Hapa ndipo mpingo ulipotawala. Wageni waliotaka kununua, kwanza wamisionari na maofisa wa Kireno huko Mueda, na baadaye Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi wa Tanganyika, walipenda mti mweusi, mgumu, ung'aao. Mpingo si mti wa mchezo. Hukua polepole mno, hata mtu aweza kuuona ukiwa mche akazeeka kabla haujafaa kuchongwa. Gome lake na mti mweupe wa nje huondolewa kwa shoka na tezo mpaka moyo mweusi uonekane, kisha huja patasi, kisu, tupa na msasa. Gogo lake ukilitupa majini huzama. (Tuseme kwa njia ya mkato kwamba klarineti aishikayo ndugu yetu wa bendi ya polisi siku ya gwaride, ikiwa ni ya aina iliyo bora, nayo imetoka katika mti huu huu.) Kuchonga mpingo ni kazi ya siku nyingi, na siku nyingi zahitaji chakula kingi. Aliyekuwa na kipande mkononi aliweza kukiacha kinyago kikasubiri. Asiyekuwa na kipande alilazimika kukimaliza Ijumaa ili auze Jumamosi.

Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa katika ufundi. Wote wawili huenda walifundishwa na mjomba mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikuwa na uwezo wa kumwambia mnunuzi "hapana", na mwingine hakuwa nao.

Walioandika historia ya sanaa hii humtaja Samaki Likankoa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani, mwishoni mwa miaka ya 1950, katika jiji la Dar es Salaam. Kabla yake soko lilitaka binti aliyebeba mtungi, mzee aliyeketi, mwindaji na mkuki wake. Samaki alitoa viumbe visivyo mtu wala mnyama, vyenye jicho moja, matumbo yaliyopinda na viungo vilivyoungana pasipotarajiwa. Mfanyabiashara Mohamed Peera alivinunua na kuviweka dukani, ingawa hapakuwa na hakika kwamba mtu yeyote angevitaka. Twalitaja jina la Peera kwa sababu ya haki. Yapo mazoea ya kumlaumu mnunuzi kwa kila uharibifu wa sanaa, lakini hapa mnunuzi alifanya kazi ile ile iliyofanywa na ghala la mihogo huko Mueda, yaani alimpa mchongaji nafasi ya kukosea. Mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa zile nguzo za watu waliopandana mabegani, ambazo baadaye ziliitwa vinyago vya ujamaa.

Yaliyofuata yanajulikana. Shetani alipopata soko, kila mtu alichonga shetani. Ujamaa ulipopendwa na watalii, nguzo za watu zikajaa madukani toka Mtwara hadi Mombasa, na nyingi zilikuwa na nyuso zilizolingana kama sarafu. Hatuwabezi waliozichonga. Mtu anayelisha watoto sita kwa tezo peke yake hana budi kuchonga kitakachouzwa leo, na kitakachouzwa leo ni kile kilichouzwa jana. Ni heshima kulisha watoto. Lakini ni kweli vile vile kwamba wengi wa hao, walioiacha kazi nyingine ili wawe wasanii kamili, waligeuka kuwa vibarua wa kiwanda kisicho na paa, wakitoa tembo 10 kwa juma, na kipande chao kilikuwa kirefu kuliko kile cha mkonge.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Ruvuma, njia nyingine ilikuwa yajaribiwa. Vita vya ukombozi vya FRELIMO vilianza tarehe 25 Septemba 1964, risasi za kwanza zikalia Chai, katika jimbo hilo hilo la Cabo Delgado. Katika sehemu zilizokombolewa wachongaji walikusanywa katika vyama vya ushirika. Vinyago vyao vilipelekwa Tanzania kuuzwa, kama zilivyopelekwa korosho, karanga na ufuta, na fedha iliyopatikana ilisaidia kununua mahitaji ambayo nchi iliyo vitani haiwezi kuyatengeneza. Wapiganaji watalielewa jambo hili bila maelezo mengi. Mchongaji alikuwa na sehemu yake katika chakula cha wote, naye alitoa sehemu yake ya kazi. Hakuwa tajiri, lakini hakuwa akimngoja mtalii apite. Ushirika nao ulikuwa na bei yake, kwani maadam fedha ya kinyago ni ya wote, wote wana neno kuhusu kinyago chenyewe kiweje.

Tukirudi Dar es Salaam, yupo mtu ambaye habari zake zapasa kusomwa na kila mlinzi wa zamu ya usiku. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanganyika katika jamaa ya Kimakonde, akajifunza kuchonga, akafanya kazi ya mkonge. Alipokuja jijini alipata kazi, kwa msaada wa mjomba wake mchongaji Augustino Malaba, katika Nyumba ya Sanaa, jumba lililoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Kazi yenyewe haikuwa ya sanaa. Alikuwa mlinzi wa usiku. Mchana aliwaona wenzake wakichora, wakitia rangi batiki, wakichonga bamba za chuma, naye akaanza kujaribu. Mashetani aliyoyajua katika mpingo akayahamishia kwenye karatasi na ubao, akayavika mashati ya rangi kali na kuyapa masikio makubwa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, nchini Marekani, na hadi alipofariki mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wachoraji wa Afrika Mashariki wanaojulikana sana nje.

Lipo jambo katika maisha ya Lilanga ambalo halitajwi sana. Lindo lilimpa mshahara, lakini pia lilimweka mahali palipo na zana na watu wa fani yake. Laiti angelinda ghala la saruji, hatujui kama tungekuwa na hadithi hii. Si kila kazi yenye mshahara hulea kipaji kwa kadiri moja, hata kama malipo ni sawa.

Edward Saidi Tingatinga naye, mtu wa Tunduru, alikuwa na kazi Muhimbili hospitalini huku akichora ndege na wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao ngumu za karatasi. Picha ziliuzwa Msasani na mkewe alisaidia kuuza. Hakuishi kuuona umashuhuri wake: mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Huko kusini ya Msumbiji, katika mji ambao leo waitwa Maputo, kijana Malangatana Ngwenya alikuwa akiokota mipira na kutumikia wageni katika klabu ya Wareno. Mchoraji ramani za majumba, Amâncio Guedes, aliyejulikana kwa jina la Pancho, aliziona picha zake, akampa nafasi ya kufanyia kazi nyumbani kwake, na akaahidi kununua picha mbili kila mwezi. Si picha 20, wala si mchango mmoja mkubwa wa hisani, bali mbili, kila mwezi, bila kukosa. Kwa ahadi hiyo Malangatana aliweza kuacha utumishi mnamo mwaka 1960 akawa mchoraji tu, na hadi alipofariki mwaka 2011 alihesabiwa kuwa mkubwa wa wachoraji wa nchi yake. Twaona kwamba hata aliyeacha kazi hakuruka gizani. Aliondoka katika mshahara mmoja akaingia katika mwingine, tofauti ikiwa kwamba huu wa pili ulilipwa kwa ajili ya kile hasa alichotaka kukifanya.

Lakini wasomaji wetu huenda wakasema kwamba mfano ulio karibu nao zaidi si kinyago bali ni gitaa, nasi twakubali. Tanzania ilikuwa na utaratibu ambao nchi chache ziliujua. NUTA Jazz ilipoundwa katika miaka ya 1960 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki waliajiriwa na kulipwa kila mwezi. Wengine wakafuata: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa, Magereza, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima. Mtu aliyevaa sare aliweza kuwa mpiga solo, na kesho yake akaripoti kazini kama mwenziwe yeyote. Nyimbo zilizotungwa katika utaratibu huo zingali zachezwa redioni, na wanaozisikiliza hawaulizi kama mtunzi alikuwa na cheo gani.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja ambayo wachongaji hawakuwa nayo. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Gitaa, ngoma na vipaza sauti vilifungiwa katika stoo ya shirika, na mwanamuziki akiacha kazi aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo mara nyingi hakuacha. Au aliacha pale tu alipotokea tajiri mwingine mwenye vyombo. Mwaka 1985 tajiri Hugo Kisima alipotaka kuipa nguvu Orchestra Safari Sound aliwachukua wanamuziki wa Mlimani Park, Muhidin Maalim Gurumo akiwa mmoja wao. Walihama toka stoo moja kwenda nyingine. Mchongaji wa Awasse, maskini kama alivyo, ana tezo yake mwenyewe, ambayo chuma chake aghalabu kimefuliwa na mhunzi wa kijijini, na hakuna mwajiri awezaye kumwambia airudishe. Daftari la mashairi na penseli ni vyombo vya namna hiyo hiyo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926 katika idara ya forodha, akaendelea na utumishi katika idara nyingine kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya vitabu vyake iliandikwa na mtu ambaye asubuhi alipaswa kuwa mezani kwake ofisini. Hakuazima kalamu ya idara.

Kuna kitu kimoja kisichoweza kufichwa: mshahara hula saa. Askari aliyetoka lindo hana nguvu za mtu aliyelala. Mkulima aliyepalilia kutwa nzima, mkono wake hutetemeka ashikapo patasi, na patasi itetemekayo huharibu gogo ambalo lilichukua miaka 70 kukua. Wachongaji wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana hawakujaribu kufanya yote mawili kwa siku moja. Waligawa mwaka na si siku. Askari hana kiangazi, ila ana likizo, na twaona ni ajabu jinsi watu wachache wanavyoihesabu likizo kuwa ni msimu wa tezo.

Na sasa turudi Awasse. Vita vilivyoanza tarehe 5 Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia viliwakimbiza watu kwa mamia ya maelfu, na vijiji vya njia panda ile vilihamwa. Mchongaji aliyekimbia aliweza kuichukua tezo, kwa kuwa haizidi uzito wa kuku mmoja. Shamba hakuweza kulichukua. Aliyefika Pemba au Nampula, ambako kuna wachongaji wa Kimakonde wanaofanya kazi pamoja katika uwanja wa makumbusho ya taifa ya utamaduni wa makabila, alikuwa na zana zake zote na mkono wake wote, lakini hakuwa na ghala nyuma yake. Kila kinyago kikawa cha Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi. Aidha wanunuzi wenyewe walipungua, kwa sababu mtalii haji penye milio ya bunduki.

Tangu mwaka 2022 wengi wamekuwa wakirejea katika wilaya ya Mocímboa da Praia, ingawa usalama haujawa kamili kila mahali. Arudiye haanzi na mpingo. Huanza na kufyeka pori lililoota juu ya shamba lake, halafu huchoma, halafu huomba vipande vya miti ya mihogo kwa jirani aliyetangulia kurudi, naye huvipanda mvua zianzapo. Mihogo huchukua miezi 9 hata 12 kukomaa. Gogo la mpingo, kama amelipata, hulazwa kivulini nyuma ya nyumba, mbali na jua lisije likalipasua, nalo husubiri huko mpaka mihogo iwe tayari.